Sindano ya kupunguza uzito imenipunguzia kilo nne tu: niongeze, nibadilishe au nikafanyiwe upasuaji?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 43, naishi Mwanga, Kigoma, ninafanya biashara ya vitenge. Nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa sita. Urefu wangu ni sentimita 162. Nilianza sindano ya Ozempic nikiwa na kilo 112, sasa ni mwezi wa tano na mizani inasoma 108. Nipo kwenye dozi ya 0.5 mg tangu mwezi wa pili. Dawa inanunuliwa Dar na kuletwa kwa basi. Natumia pia metformini, glibenklamidi, amitriptilini usiku kwa sababu nyayo zinawaka moto, na sindano ya uzazi ya miezi mitatu. Mwanzoni njaa ilikata kabisa, sasa imerudi. Mmoja ananishauri nijichome mara mbili kwa wiki, mwingine anasema niachane nayo niende Mloganzila wakanifanyie upasuaji. Nishike lipi?

JIBU

Dada, pole kwa kusumbuka. Kwa sasa usishike ushauri wa yeyote kati ya hao wawili. Kwa jinsi ulivyoeleza, dawa bado haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Dozi yako haijafika juu, kalamu imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 bila mtu kujua imepita kwenye joto gani, na kati ya dawa nyingine nne unazotumia, tatu huongeza uzito au hamu ya kula. Hayo yakibaki yalivyo, hata dawa yenye nguvu zaidi itakuletea matokeo yaleyale kwa gharama kubwa zaidi.

Tuanze na hesabu. Kilo 4 kati ya 112 ni asilimia 3.6. Tunasema dawa haijatosha pale mtu anapopunguza chini ya asilimia 5 ya uzito wa kuanzia baada ya miezi mitatu akiwa kwenye dozi ya juu anayoweza kuivumilia. Kwako asilimia 5 ni kilo 5.6. Miezi hiyo mitatu huanza kuhesabiwa siku unapofika kwenye dozi kamili, kwa hiyo wewe hujaanza hata kuihesabu.

Rekebisha na matarajio pia, maana hapa wengi huvunjika moyo bure. Utafiti wa STEP 1 uliotoka mwaka 2021 ulitumia semaglutaidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Ozempic, kwa dozi ya 2.4 mg kwa wiki. Waliotumia walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, lakini hao hawakuwa na kisukari. Hata kati yao, karibu mtu mmoja kwa kila saba hakufikia asilimia 5. Kwa wenye kisukari aina ya pili, utafiti wa STEP 2 ulipata wastani wa asilimia 9.6 kwa dozi hiyohiyo. Kwa uzito wako hiyo ni kama kilo 10 au 11, tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukijipima na jirani asiye na kisukari aliyepungua kilo 20, utaona umeshindwa wakati uko ndani ya kawaida.

Njaa kurudi nako kuna maelezo. Mwili hupambana na upungufu wa uzito: homoni ya njaa hupanda, ya shibe hushuka, na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko zamani. Kwa makadirio, kila kilo inayopotea huongeza hamu ya kula kwa kama kalori 100 kwa siku, na matumizi ya mwili hupungua kalori 20 hadi 30. Dozi ya 0.5 iliweza kuzuia msukumo huo mwanzoni, sasa imezidiwa. Usijione mlafi.

Dozi

Kujichoma mara mbili kwa wiki usithubutu. Semaglutaidi hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki nzima nusu yake bado ipo, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki. Ukiirudia katikati inarundikana, na matokeo yake ni kutapika na kuharisha, maji kukauka mwilini na figo kuumia. Kupanda kwenyewe kuna ngazi: 0.25 kwa wiki nne, 0.5 kwa angalau wiki nne, kisha 1 mg kwa angalau wiki nne, kisha 2 mg, ambacho ndicho kikomo cha Ozempic. Toleo la uzito, Wegovy, hupitia 1.7 kisha 2.4. Kichefuchefu kikizidi kwenye ngazi fulani, unabaki hapo wiki nne nyingine ndipo upande.

Kabla ya kupanda kwenda 1 mg kuna mambo mawili ya kumalizana nayo. Kwanza macho. Una kisukari cha miaka sita, na sukari ikishuka kwa kasi, jicho lenye madhara ya zamani kwenye retina (pazia la nyuma ya jicho) linaweza kuzidi kuharibika. Omba lichunguzwe kwa kutanuliwa mboni. La pili ni glibenklamidi, na hiyo nitaieleza hapa chini kwa sababu ukipandisha semaglutaidi bila kuigusa, sukari inaweza kukushukia ghafla dukani.

Ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Huenda kongosho limevimba. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu pamoja na homa au macho ya njano huashiria nyongo, na mawe ya nyongo huongezeka kwa mtu yeyote anayepungua haraka. Uliza pia kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo aina ya medulari, kwa maana familia hiyo haipaswi kutumia dawa hizi.

Kalamu yenyewe

Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikishaanza, inaweza kukaa nje mahali pasipozidi nyuzi 30 kwa wiki 6 hadi 8, kutegemea karatasi iliyomo ndani ya boksi lako. Isome. Sasa fikiria buti la basi kutoka Dar hadi Kigoma, jua la mchana likipiga bati. Au kinyume chake: aliyeituma ameifunga pamoja na barafu iliyogusa kalamu moja kwa moja. Dawa ikiganda mara moja tu imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana angavu kama maji. Hili la kuganda huwapata wengi, kwa sababu mtu anadhani kadiri inavyokuwa baridi ndivyo inavyokuwa salama. Nyumbani pia, usiiweke rafu iliyo chini ya sehemu ya barafu wala ukutani mwa friji kwa nyuma.

Kwa hiyo agiza isafirishwe kwenye kiboksi cha baridi, barafu imefungwa kwa kitambaa kinene au gazeti, kalamu ikiwa ndani ya boksi lake, na mtu aibebe mkononi badala ya kuitupa kwenye buti. Nunua kipimajoto kidogo cha friji. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, usifungue friji ovyo. Kalamu iliyokwisha kuanza kutumika unaweza kuiweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa kwa nje, kivulini penye upepo. Joto ndani yake hushuka kwa nyuzi kadhaa.

Angalia pia kama ni halali. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia iliyopatikana katika nchi kadhaa, na huko Austria mwaka 2023 kuna watu walilazwa kwa kushuka sukari baada ya kutumia kalamu bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini. Namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kalamu lazima zifanane, lakiri isiwe imeguswa, maandishi yasiwe na makosa, na risiti itoke kwenye famasi iliyosajiliwa. Ukitilia shaka, usiitumie, wapelekee TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Kisha namna ya kuchoma. Tumia sindano mpya kila mara, ichomeke wima kwenye tumbo, paja au mkono wa juu, bonyeza hadi namba isome 0, halafu hesabu polepole hadi sita ndipo uchomoe. Wanaochomoa haraka huona tone likining'inia kwenye ncha, na hilo tone ni sehemu ya dozi. Usihifadhi kalamu ikiwa na sindano imechomekwa. Inavuja na kuingiza hewa. Kalamu yako ni yako peke yako, hata dada yako wa tumbo moja usimwazime.

Dawa zinazovuta upande wa pili

Hapa ndipo naona kilo zako nyingi zilipojificha. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Huongeza uzito, na kila sukari inaposhuka unalazimika kula kitu kitamu haraka. Unakula kwa ajili ya dawa. Mwombe daktari wa kliniki ya kisukari pale hospitali ya Maweni aangalie kama anaweza kuipunguza nusu au kuiondoa wakati semaglutaidi inapopanda, metformini ifikishwe kwenye dozi kamili kama figo zinaruhusu, na kama bado sukari iko juu, afikirie dapagliflozini, dawa nyingine ya kisukari ambayo hupunguza kilo mbili hivi badala ya kuongeza. Usiiache glibenklamidi mwenyewe kimyakimya. Pima sukari asubuhi na kabla ya chakula cha jioni kwa wiki mbili za mabadiliko. Ikisoma chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na mjulishe daktari.

Amitriptilini huongeza hamu, hasa ya wanga na vitamu usiku. Lakini swali la msingi ni kwa nini nyayo zinawaka. Jibu la haraka ni kisukari, na mara nyingi ndivyo. Ila metformini ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta kuwaka na ganzi ileile ya miguu. Omba kipimo cha B12. Ikiwa imeshuka, ikirudishwa miguu inaweza kupoa na amitriptilini ikapunguzwa au ikaachwa. Ni jambo dogo linalopitwa kila siku kliniki.

Sindano ya uzazi ya miezi mitatu haimnenepeshi kila mwanamke, lakini anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 katika miezi sita ya mwanzo huwa anaendelea kuongezeka. Pitia kadi zako za zamani: ulikuwa na kilo ngapi kabla ya sindano ya kwanza? Kama ulipanda namna hiyo, kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni na hakigusi uzito. Usiache kabisa uzazi wa mpango, kwa kuwa semaglutaidi lazima isimamishwe angalau miezi miwili kabla ya kubeba mimba.

Kwa wasomaji wengine, orodha hii ni ndefu zaidi: insulini, prednisoloni, olanzapini, valproeti, baadhi ya dawa za presha kama atenololi na propranololi, na ARV zenye dolutegraviri. Hakuna hata moja ya kuachwa bila daktari, ARV hasa. Na zile siproheptadini na deksamethasoni zinazouzwa mitaani kama vidonge vya kunenepesha makalio, kama bado unazo nyumbani, zitaje kliniki hata kama unaona aibu, kwa kuwa deksamethasoni ya muda mrefu haiachwi ghafla. Vidonge vya "mitishamba" vya kukata tumbo viogope vilevile. Vingi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Chai za kuharisha zinapunguza maji tu.

Mwisho wa sehemu hii: omba kipimo cha TSH cha tezi ya shingo, na mwambie daktari kama unakoroma sana na kusinzia mchana.

Sufuria

Mtu aliye kwenye sindano hizi hula kidogo, na bado anaweza asipungue, kwa sababu kalori zinaingia kwa njia ambayo tumbo halihisi shibe. Kigoma njia hizo ni mbili. Ya kwanza ni mawese. Ni mafuta mazuri yenye vitamini A, lakini kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 kama mafuta mengine yoyote. Robo lita kwenye sufuria ya maharage ni kama kalori 2,000. Mkila watano, kila mmoja amepata 400 kabla ya ugali. Pima kwa kijiko: vijiko vinne vya chakula vinatosha sufuria ya watu watano. Migebuka choma au chemsha kwa nyanya na ndimu badala ya kukaanga. Njia ya pili ni vya kunywa: soda, juisi, chai ya vijiko vinne vya sukari, na uji wa lishe wenye karanga ambao mgonjwa hushauriwa anywe kwa kuwa "hana hamu ya kula". Soda moja ina gramu 35 hivi za sukari.

Ugali wa muhogo una nishati karibu sawa na wa mahindi, ila protini yake ni kama hakuna. Ukila ugali wa muhogo mwingi na mchuzi kidogo, unapoteza msuli huku mafuta yakibaki, na msuli ukipungua, mwili unatumia kalori chache zaidi. Lenga protini gramu 80 hadi 90 kwa siku. Inapatikana bila kununua unga wa kopo. Asubuhi mayai mawili na kipande cha muhogo wa kuchemsha, chai bila sukari: gramu 13. Mchana samaki wa gramu 150, kama kipande cha kuhe au migebuka miwili ya wastani, na mboga nusu ya sahani na ugali wa ngumi moja: gramu 35. Saa kumi glasi ya maziwa au mtindi usio na sukari: 8. Jioni kikombe cha maharage yaliyopikwa na dagaa wakavu gramu 30: kama 33. Anza na samaki na mboga kwenye sahani, ugali mwishoni, maana ukianza na ugali utashiba kabla protini haijaingia. Dagaa uwaloweke na kuwaosha kupunguza chumvi na mchanga.

Tembea dakika 30 siku tano za wiki. Siku mbili ongeza mazoezi ya nguvu: kuinuka kitini bila kushika, mara 10, mizunguko mitatu, na kuinua vidumu vya lita 3. Nguvu ndiyo inayolinda msuli.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, baada ya haja na kabla ya chai. Pima na kiuno kwenye kitovu kila mwezi. Kiuno kikishuka sentimita 4 huku kilo zimegoma, dawa inafanya kazi.

Ikiwa baada ya yote hayo bado

Tuseme umefika 2 mg, kalamu ni nzima, dawa nyingine zimepangwa upya, na miezi mitatu imepita. Bado hujafika kilo 5.6. Hapo ndipo tunasema haijatosha. Kama haijashusha uzito lakini HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu) na presha vimeshuka, usiidharau. Daktari apime faida hiyo kabla ya kuiondoa. Jua pia kwamba katika waliofuatiliwa baada ya STEP 1, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilirudi ndani ya mwaka mmoja wa kuacha.

Hatua inayofuata kwa dawa ni tirzepataidi, ambayo huigiza homoni mbili za utumbo badala ya moja. Katika utafiti wa SURMOUNT-5 wa mwaka 2025, uliowalinganisha watu wasio na kisukari ana kwa ana, tirzepataidi ilipunguza asilimia 20.2 na semaglutaidi 13.7. Kwa wenye kisukari, SURMOUNT-2 ilipata asilimia 12.8 hadi 14.7. Huanza na 2.5 mg kwa wiki, ikipanda 2.5 kila baada ya angalau wiki nne, kikomo 15. Haichanganywi na semaglutaidi. Kwa wanaotumia vidonge vya uzazi, hupunguza nguvu yake, hivyo kondomu inahitajika wiki nne baada ya kuanza na kila inapopandishwa. Orlistati, kidonge kinachozuia mafuta ya chakula yasifyonzwe, ni rahisi zaidi lakini kwako ningeiacha: inapunguza kilo chache, na kwa mla mawese italeta kuharisha mafuta.

Upasuaji aliokutajia huyo mwingine si wazo baya; ni suala la wakati tu. BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilianza kwenye 42.7 na sasa ni 41. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inauruhusu kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na wewe una kisukari. Kwa hiyo unaweza kuomba rufaa sasa hivi huku ukiendelea na dawa. Foleni na safari huchukua muda. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila hutoa huduma ya puto na ya upasuaji. Puto hukaa tumboni takriban miezi sita na hupunguza kama asilimia 10, halafu uzito hurudi kwa wengi. Kwa BMI yako lingefaa zaidi kama daraja la kuelekea upasuaji. Kukata tumbo kuwa mfereji mwembamba huondoa kama robo tatu ya tumbo. Bypass huunganisha kijifuko kidogo cha tumbo na utumbo wa chini zaidi. Aina hizi mbili za upasuaji hupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito, na kwa kisukari cha miaka sita kisicho na insulini kuna nafasi nzuri ya sukari kutulia bila dawa.

Uliza mambo haya kabla ya kukata tiketi: kama bima yako inagharamia, na upate jibu kwa maandishi, kama watakupima vidonda vya tumbo na bakteria wa H. pylori, na nani atakufuatilia ukirudi Kigoma. Waambie tarehe ya sindano yako ya mwisho, kwa kuwa semaglutaidi huchelewesha chakula tumboni na daktari wa usingizi lazima ajue. Kabla ya upasuaji utawekwa kwenye chakula chepesi kwa wiki mbili hivi ili ini linywee. Baada yake utaanza na vimiminika, kisha vya kusagwa, kisha laini, na ugali utakuwa wa mwisho kurudi kwa sababu unanata na kukwama. Vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D ni vya maisha yote, na damu hupimwa kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza. Mimba hairuhusiwi kwa miezi 12 hadi 18. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo za kuogopa zaidi baada ya bypass, maana hutoboa kidonda pale utumbo ulipounganishwa; kila duka la dawa Mwanga linaziuza bila kuuliza, kwa hiyo andika kwenye kadi yako ya kliniki, kwa wino mwekundu, kwamba usipewe.